Mlima Kulal: nilicholipia, kilichostahili na kisichostahili

Hukumu kwanza, kwa wasio na subira. Mlima wenyewe, nyota tano. Kiongozi tuliyemchukua huko huko chini ya mlima, nyota tano na nyongeza. Gari la kukodi, nyota mbili, na hizo mbili ni za dereva peke yake. Hema nililouziwa dukani Nairobi kwa sifa ya "kila hali ya hewa", sina nyota ya kulipa. Nina maneno tu, na nitayasema mbele.

Mimi ni fundi wa turubai hapa Mombasa. Nashona vifuniko vya malori, viti vya matatu na mahema ya harusi na matanga. Mtu akiniwekea kitambaa mezani nakijua kabla hajataja bei. Nayasema haya ili mjue nakagua kwa jicho gani: si mpanda milima, ni mteja anayeijua kazi ya mkono. Hamu ya Kulal niliipata kwa shemeji yangu, dereva wa lori la kwenda Marsabit. Kila akileta turubai lake kutiwa viraka hunisimulia mlima ulioko ng'ambo ya jangwa, juu kuna msitu na ukungu, chini hata mbuzi anagombania kivuli. Nikimjibu ni porojo za madereva. Mwisho akaniambia, "Basi twende ukaone kwa macho yako." Ndugu yangu mdogo akajitia, tukawa watatu.

Kulal uko Kaunti ya Marsabit, kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana. Kilele kinapita kidogo mita 2,280 kutoka usawa wa bahari, na ziwa lililo chini yake liko mita 360 na ushei. Kwa hivyo ukisimama Loiyangalani, mji mdogo wa ufukweni, ukainua macho, unatazama karibu kilomita mbili za mlima zikipanda kutoka kwenye mawe meusi ya volkano. Mashariki yake ni jangwa la Chalbi. Sisi hatukukuta kibao, lango wala mtu wa kukata tiketi.

Kabla ya safari nilipigia simu kampuni moja ya utalii, jina sitaji. Bei waliyonipa kwa kichwa kimoja ingetosha kununua cherehani mpya ya kushonea ngozi. Sikukataa papo hapo, maana kizuri hugharimu. Nikauliza maswali matatu: maji mnayatoa wapi, kiongozi ni mtu wa wapi, na kilele mnachonipeleka kiko upande gani wa mlima. La kwanza akasema maji ya chupa yatakuwepo. La pili akasema kiongozi ana cheti. La tatu akaniuliza, "Kwani una pande?"

Una pande. Hilo ndilo jambo la kwanza anayetaka kwenda Kulal alijue. Mlima umepasuka katikati. Mmomonyoko umechimba makorongo ya kutisha, kubwa kuliko yote likiitwa El Kajarta, hata mlima ukabaki vipande viwili, cha kaskazini na cha kusini, vilivyoshikana kwa ukingo mwembamba wa mwamba. Kusini kuna kijiji cha Gatab, na huko gari hufika. Kaskazini, chini yake, kuna Arapal, na upande huo ndio wenye sehemu ya juu kabisa. Mtu asiyejua haya atapelekwa Gatab kwa gari, atapigwa picha ukingoni mwa korongo, atarudi mjini akisema amepanda Kulal. Picha zitakuwa nzuri kweli. Lakini kama umelipia kilele, ulizia kilele.

Simu nikaikata kwa adabu, tukajipangia wenyewe.

Njia. Kutoka Isiolo hadi Laisamis ni lami safi, barabara ile ya Moyale. Laisamis unakata kushoto, na kuanzia hapo ni murram iliyopanuliwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo, zaidi ya kilomita 200 mpaka Sarima. Ni barabara nzuri kuliko nilivyotarajia. Shemeji aliisifu, naye hasifu barabara. Sarima ndipo ilipo ile mitambo 365 ya upepo, imesimama bondeni kati ya milima, uwezo wake megawati 310, na nyaya zake zinateremka hadi Suswa, mamia ya kilomita kusini. Ndugu yangu alitaka kuihesabu yote. Tukamkataza.

Barabara ya wakubwa inaishia hapo. Toka Sarima hadi Loiyangalani unaingia kwenye mawe. Si changarawe, ni mawe meusi ya volkano yenye ncha, mengine kama kichwa cha mtu, yamemwagika hadi upeo wa macho. Hapa ndipo gari letu la kukodi lilipojieleza. Tairi la nyuma lilichanika ubavuni, mchano wa urefu wa kiganja, na tulipoteremsha la akiba tukakuta halina upepo. Mwenye gari alituhakikishia Isiolo kwamba "kila kitu kiko sawa." Dereva, maskini, alikuwa na pampu ya kukanyaga, mali yake mwenyewe, akapampu katika jua lile bila kulalamika, na ndio maana nyota mbili zikabaki. Ukikodi gari la kwenda huko, usiulize kama kuna tairi la akiba. Waambie walishushe, ulipige teke, tena yawe mawili.

Sasa upepo. Loiyangalani kunavuma upepo ambao sisi wa pwani, tunaojidai kuijua kaskazi na kusi, hatujapata kuuona. Asili yake ina sababu mbili zinazokutana. Kuna upepo mkubwa wa kusini-mashariki unaobanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, ukifika kwenye ule mfereji unaongeza mwendo. Halafu kuna mlima wenyewe: usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko ziwa, na hewa baridi inaporomoka kutoka Kulal kuelekea majini. Jioni tulipokula kulikuwa kimya. Usiku wa manane ilikuwa kama kuna mtu anaburuta mabati juu ya vichwa vyetu.

Na hapo ndipo hema la elfu kumi na nane likaonyesha siri zake. Niliposikia kitambaa kinapiga nikawasha tochi nikalala chali nikitazama mshono wa pembe ya juu, ule unaobeba mvuto wa kamba. Mshono wa sindano moja. Hatua ndefu, za kushonea foronya. Pembeni hapana kiraka cha ndani, hapana utepe uliopindwa. Pete ya kamba imetobolewa moja kwa moja kwenye kitambaa kimoja. Nikaona nyuzi za pindo zinaanza kuchomoka, moja, halafu tatu, halafu pete ikang'oka na kamba yake ikaenda zake gizani. Kitambaa chenyewe hakikuwa kibaya, ni nailoni ya kawaida iliyopakwa dawa ya maji. Aliyekosa ni mshonaji, au tuseme aliyemwambia mshonaji aharakishe. Asubuhi nilikaa kwenye kivuli cha ukuta nikaishona upya ile pembe kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, na kiraka nilichokata kwenye mfuko wake wa kubebea. Ikakaa safari yote. Mwenye duka hilo, kama unasoma, nitakushonea sampuli bure.

Nikiwa nashona nilikuwa natazama nyumba za watu. Nyumba za jamii ya El Molo na za Waturkana zilizoko pale ni za mviringo, za chini, zimeezekwa makuti ya mkoma na kubanwa kwa kamba na vitu vizito, na mlango ni wa kuinamia. Upepo hauna pa kushika, unateleza juu yake unapita. Katika nyumba hizo hakuna pembe. Nilikaa nikizitazama mpaka chai ikapoa. Yeyote anayeuza mahema kwa safari za Turkana angetumwa kwanza akakae wiki moja pale.

Kiongozi. Hii ndiyo sehemu niliyotaka kuiandikia.

Tulianza kituo cha polisi na kwa chifu, na nanyi mfanye hivyo, maana eneo hilo lina historia ya wizi wa mifugo na watu wa jamii tofauti huwa na siku zao mbaya. Chifu anajua wiki hii kukoje. Kisha mama mmoja muuza chai akamtuma mtoto amwite mzee wa Kisamburu aliyekuwa ameteremka kutoka Arapal kuuza mbuzi. Akaja na shuka, fimbo na viatu vya akala. Hakuwa na cheti. Tulisalimiana, akakaa kitako, na kabla ya kutaja pesa akaanza kutuhoji yeye.

"Nani kati yenu anakunywa maji mengi?"

Tukatazamana. Shemeji akanyoosha kidole kwa ndugu yangu.

"Basi huyu punda wake peke yake," akasema mzee.

Halafu akaomba viatu. Akavipanga mchangani, akawa anabonyeza soli kwa kidole gumba, kimoja kimoja. Vyangu, vya ngozi na soli ya mpira mgumu, akavirudisha. Vya shemeji pia. Vya ndugu yangu, vyeupe, vya sponji, vya bei kubwa kuliko vyetu vyote, akavishika muda mrefu. Akachukua mwiba wa mgunga uliokuwa chini, akausukuma kwenye soli, ukatokea ndani bila taabu. Hakusema neno. Akamwonyesha tu, akamrudishia. Ndugu yangu akanunua akala pale sokoni kwa mia nne, zimekatwa kwenye tairi la gari, na hakuna mwiba uliompata. Malengelenge yalimpata, hilo mzee hakulihakikishia.

Tulipatana shilingi elfu mbili kwa siku kwa mzee, elfu moja kwa kila punda, na kijana mmoja mpwa wa mzee wa kuwaswaga, naye tukamlipa elfu. Hiyo ni bei yetu na ya msimu ule, yenu mtapatana. Mimi sikupunguza hata senti. Fundi akikuuliza maswali ya aina hiyo kabla ya kazi, unamlipa.

Kuna kitabu kimoja na watu wengi mtandaoni wanaokuambia unaweza kutoka Loiyangalani ukafika kileleni na kurudi siku moja. Mzee alicheka. Alitupangia tulale Arapal, tupande kabla ya alfajiri, tulale juu, tuteremke taratibu. Na alikuwa na sharti moja la maji: mitungi ilifungwa kwa kamba mbili, nyekundu na nyeupe. Nyeupe ni ya kupandia. Nyekundu ni ya kushukia, na haifunguliwi mtu akiwa anapanda, hata akilia. Ndugu yangu alijaribu kulia. Haikufunguliwa.

Arapal kuna visima ambavyo watu wa Kisamburu huchotea mifugo wakiimba. Wanaume wanashuka ndani, wanapokezana ndoo, na wimbo ndio unaoshikanisha mikono yao, kila mmoja anajua ndoo inafika wakati gani. Ng'ombe wanasubiri zamu, nao wanaujua wimbo wa wenyewe. Sitaki kuvipamba zaidi ya hapo. Ni kazi ya watu, si tamasha. Mzee alituomba tusitoe simu, tukatii, na mmoja wa vijana waliokuwa kisimani akatujazia mitungi bila kuulizwa.

Kupanda kwenyewe kuna sehemu tatu, na ya kwanza ni mbaya. Ni mawe malegevu na vichaka vya miiba, hakuna kivuli, na jua likishachomoza jiwe linatoa joto mpaka magotini. Hii ndiyo sababu ya kuanza usiku. Nilimuuliza mzee tumebakisha mwendo gani, akasema "karibu". Baada ya saa nzima nikamuuliza tena, akasema "karibu". Sikumuuliza mara ya tatu.

Halafu nyasi zinaanza. Kwanza za manjano, halafu za kijani, na mgunga unapisha miti yenye majani mapana. Hapo mzee alisimama akatuonyesha mteremko uliokuwa na ng'ombe kama nukta. Mlima ndio akiba ya hawa watu. Chini kukikauka, mifugo inapandishwa, na ndiyo maana huku juu kuna sheria kali za nani alishe wapi na nani asiwashe moto. Ukame ule wa misimu mitano ya mvua iliyofeli mfululizo, ulioanza mwishoni mwa 2020, uliwamaliza wengi. Mzee alisema alibaki na mbuzi na ngamia wachache, ng'ombe hakubaki hata mmoja. Akasema hivyo akiwa anatembea, bila kugeuka.

Msitu sasa. Wallahi, shemeji nilimtaka radhi. Unatoka kwenye joto la tanuri unaingia chini ya mitarakwa na mizaituni mwitu minene, na matawini zinaning'inia ndevu za kijivu, zimelowa. Ukungu unapita katikati ya miti, unauona unakuja, unakupiga usoni baridi. Miti inaukamua ule ukungu. Ukisimama chini yake unadondokewa kana kwamba kuna mvua, ilhali ukitoka hatua kumi nje ya mti ni kukavu. Nilivaa sweta, kisha jaketi, kisha nikajitanda leso mbili juu. Chini yetu, mahali tungeweza kupaona kwa macho, kulikuwa na watu wanajipepea.

Kwa wapenda viumbe: Kulal una aina yake ya kinyonga, iliyotambuliwa na wanasayansi mwaka 2003 tu, na una kindege wake, mdogo, wa kijani na manjano, mwenye mviringo mweupe kuzunguka jicho, hapatikani milima mingine. Kindege tuliwaona kundi zima, wanachachawa kwenye matawi. Kinyonga kijana wa punda alituonyesha mmoja. Sikumsogelea kumkagua, mimi na kinyonga tangu utotoni hatupatani. Shirika la UNESCO liliuorodhesha mlima huu kuwa hifadhi ya biosfia mwaka 1978, na ukisimama ndani ya msitu wake hujiulizi kwa nini.

Kuhusu ibada na chakula, kwa Waislamu wenzangu mnaoniuliza. Maji ni ya kunywa. Tulitayamamu, na udongo safi haukosekani. Mbuzi tulinunua Arapal, na kabla sijafungua mdomo mzee alimgeukia shemeji akamwambia, "Wewe ndiye utakayechinja." Amezoea wafanyabiashara wa Kiislamu, anajua. Nyama ilichomwa kwa kuni kavu zilizookotwa chini, hakuna mti uliokatwa, na moto ulizimwa kwa mchanga kisha mzee akauweka mkono juu ya majivu kuhakikisha. Tulikuwa na tende na mahamri yaliyokaushwa nyumbani, na chai ya maziwa ya ngamia, yenye moshi kidogo kwa sababu kibuyu hufukizwa. Mimi niliipenda. Ndugu yangu aliomba ya rangi.

Kileleni hakuna kitu. Nasema kwa wale watakaotaka kibao cha kupigia picha: hakuna. Ukungu ulitufunika muda mrefu, mzee akasema tukae, tukakaa, na ulipofunguka ulifunguka upande mmoja kwanza, wa ziwa. Kisiwa cha Kusini katikati, na kile kilima kilichochongoka cha Por ufukweni kaskazini. Kisiwa hicho cha Kusini ndicho ambacho mwaka 1934 wanasayansi wawili wa msafara wa Mwingereza Vivian Fuchs walivuka kwenda kukitafiti, hawakuonekana tena. Ukiona rangi ya maji yanavyobadilika upepo ukiyapiga, kutoka kijani kuwa kijivu kwa dakika chache, unaelewa ilivyowezekana. Halafu upande wa mashariki ukafunguka, na Chalbi ikaonekana, pana, haina mwisho wala kitu.

Ndugu yangu aliuona ule ukingo unaounganisha kaskazini na kusini akataka tuvukie huko tukatokee Gatab. Mzee aliutazama, akamtazama yeye.

"Mbuzi hupita pale. Ng'ombe hapiti."

"Na sisi, mzee?"

"Nyinyi mko karibu zaidi na ng'ombe."

Mjadala ukaisha. Hiyo nayo ni huduma. Kiongozi wa kulipwa na kampuni, aliyeahidiwa bahashishi mteja akifurahi, sijui kama angekuwa na ujasiri wa kumwambia mteja kuwa yeye ni ng'ombe.

Gatab tulikwenda baadaye kwa gari, kwa njia ya mawe iliyonifanya nishike dari kwa mikono miwili. Pana kanisa, shule, zahanati na kiwanja kidogo cha ndege, na hewa ya ubaridi kama ya Taita. Ukingo wa El Kajarta unatisha: kuta zinashuka karibu wima na sauti ya mbuzi inakuja kutoka chini usikoweza kuwaona. Kwa mwenye wazee au watoto, au mwenye magoti mabovu, Gatab peke yake inatosha kabisa, mradi anayekupeleka asikudanganye ni kilele.

Loiyangalani penyewe nitapita haraka. Samaki wa kukaanga, sangara na ngege, ni watamu na wa bei ndogo. Maji ya chemchemi ni ya uvuguvugu, kuoga kwake kulinitoa machozi ya raha. Kuna Makumbusho ya Jangwa juu ya kilima, yaliyofunguliwa 2008. Jengo zuri, maelezo machache, upepo mwingi. Ziwa usiliogee bila kuuliza wenyeji, mamba hawana adabu. Vyumba vya wageni ni vya wastani, chandarua kilikuwepo na kilikuwa na matundu, nikayashona.

Mambo machache ya kubeba, kutoka kwa fundi. Usibebe hema refu. Beba turubai nzito la mita tatu kwa nne lenye pete kila nusu mita, na kamba za ziada, kwa sababu vigingi haviingii kwenye mwamba na utafunga kwenye mawe. Hakikisha pete imekaa kwenye kitambaa kilichokunjwa mara tatu. Sindano kubwa na uzi wenye nta havina uzito, viwe mfukoni. Sweta nzito, hata kama unaondoka Mombasa unatoka jasho. Simu inashika Loiyangalani na sehemu chache mlimani, msiitegemee. Mvua za Machi hadi Mei msiende, si kwa ajili ya mlima bali kwa ajili ya malaga njiani, mito mikavu inayojaa ghafla; tulionyeshwa kiunzi cha lori lililozolewa.

Je, ningelipa tena? Gari lile, hapana. Nitasubiri nafasi kwenye lori la shemeji. Mzee, ndiyo, na bei aitaje yeye. Kuna turubai lake niko nalo mezani sasa hivi, alitaka la kufunika mizigo ya punda, lenye pembe za ngozi. Litakwenda na lori la Marsabit.

Na pesa bebeni taslimu, noti za mia na mia mbili. Arapal ukitoa elfu moja kumlipa mtu wa maziwa, mtazungushwa kijiji kizima mkitafuta chenji.